Baba, Si Saulo Aliyeharibu Wembe Wako

Baba,

Barua hii nimeianza mara mbili na kuichana. Ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili cha kanisani, nikaona hata hutajua ni nani anayeongea. Ya pili ililowa. Hii acha iwe vile itakavyokuwa.

Mchungaji wetu anasema waliolala katika Bwana hawasomi barua, na mimi simbishii, yeye amesoma na mimi niliishia darasa la nane. Lakini Mungu anasoma. Basi nikikuandikia wewe najua Yeye ataisoma kwanza, na akiona inafaa atakuambia.

Acha nitangulize lile jambo lenyewe, maana nikizungukazunguka nitaogopa. Si Saulo aliyepeleka wembe wako kwa yule mnoa visu wa baiskeli. Ni mimi. Saulo alisema ni yeye kwa sababu alinitazama usoni akaona nimekwisha. Ukaenda kaburini ukijua mwanao ndiye aliyeuharibu, na mimi ndiye niliyeuokoa. Hilo la kwanza ni uongo. Ndilo limenifanya nishike kalamu. Mengine yote ni shukrani, na ni nyingi.

Ulipokuja kukaa kwetu hapa Kayole, baada ya kiharusi kukunyang'anya mkono wa kulia, niliingiwa na hofu. Nilikuwa mke wa mwanao miaka kumi na tisa na sikuwahi kukupa mkono kukusalimia. Tulisalimiana kwa mbali, mimi nikiangalia chini, wewe ukiangalia ukuta, kama tulivyolelewa kwetu. Sasa nyumba yenyewe unaijua: chumba kimoja, sebule, pazia, na jikoni ambayo ukigeuka umegonga sufuria. Nilijiuliza heshima tutaiweka wapi humu ndani. Ulimwambia tu Saulo akiweke kiti chako dirishani, kikiangalia nje, eti uone watu wa Kayole wanakimbilia wapi kila asubuhi. Siku ya tatu ndipo nilipoelewa. Ulikigeuza kiti ili nipite nyuma yako na karai langu na vitambaa vyangu bila kujikunyata. Asante, Baba. Sikuwahi kukuambia kwamba niliona.

Ulikuja na vitu vichache, na kimoja ni kile kisanduku cha bati. Ndani yake wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, jiwe la kunolea, na mkanda wa ngozi uliong'aa kwa kutumika. Ulisema ulipewa na kinyozi mzee mliyekaa naye nyumba za reli ukiwa kijana, na kwamba nyembe za dukani zinakuachia vipele shingoni kama mbegu za ulezi. Kila Jumamosi ulijinyoa ili Jumapili uende kanisani ukiwa safi, ukae pale mbele na wazee wenzako, uombe ile sala ya shukrani ambayo watu walikuwa wakisema ni yako peke yako.

Mkono ulipokataa, kazi ya kunoa na kunyoa ikamwangukia Saulo. Unamjua mwanao. Mkono wake ni wa kupuliza rangi magari, si wa kunoa. Wembe alikuwa akiupitisha kwenye mkanda haraka haraka kama mtu anayefuta kiatu akiwa amechelewa. Ukawa butu kidogo kidogo. Wewe hukulalamika, ulikuwa unafumba macho tu. Lakini taulo lako nilikuwa nikilifua mimi, na nikaona vidoa vya damu, wiki hii viwili, wiki ijayo vinne.

Nikajiambia nisaidie.

Ilikuwa Alhamisi. Yule mzee wa kunoa visu akapita chini ya ghorofa la ploti yetu akigonga kengele yake. Mimi ni fundi wa nguo, Baba, mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa ananinolea yeye miaka yote, na ukitoka kwake unakata kitenge kama unakata maji. Wewe ulikuwa umeteremshwa kuota jua na wazee wenzako. Nikafungua kisanduku chako, mimi mke wa mwanao, nikatoa kitu kinachogusa uso wako, nikakifunga pamoja na mkasi kwenye aproni. Nilijua si vizuri. Nilijiambia hakuna atakayejua, wembe utarudi mkali, na damu itaisha kwenye taulo.

Yule mzee hata hakuuliza. Akasimamisha baiskeli, akaanza kukanyaga, jiwe likazunguka, cheche zikaruka. Dakika mbili tu. Akanyoa malaika za mkono wake kunionyesha, akacheka, "Mama, huu sasa hata shetani utamnyoa." Nikafurahi. Sikujua kwamba ule moto wa gurudumu umeuchoma. Kwenye ncha ulikuwa umegeuka rangi ya bluu, kama mafuta ya taa juu ya maji, nikadhani ni kung'aa.

Jumamosi Saulo akakupaka povu, akaanza. Mstari wa kwanza tu, damu ikatiririka mpaka kwenye kola. Ulimshika mkono kwa ule wa kushoto. Ukauchukua wembe, ukauinua dirishani, ukauangalia kwa muda mrefu. Kisha ukauliza, bila kupaza sauti, "Nani amepeleka wembe wangu kwenye gurudumu?"

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia na maji ya moto. Saulo akanitazama mara moja. Mara moja tu. Akasema, "Ni mimi, Baba."

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi kwamba niliufungua. Nikafikiria vile utakavyojua kwamba nimetia mkono kwenye vitu vyako, na kwamba ukishajua hutaweza tena kukaa nyumba moja na mimi, utaomba upelekwe kwa Zakaria, kifungua mimba wako, kule Njiru. Nikaufunga.

Ukamwambia, "Wembe huu umeninyoa tangu sijamwoa mama yako. Wewe umeumaliza kwa dakika mbili. Wewe ni mtu wa haraka, Saulo, na utakufa mtu wa haraka." Hukusema naye tena kwa wiki tano. Watu wawili, sebule moja, na mimi nikipeleka maneno kati yenu kama posta. "Mwambie dawa zimeisha." "Mwambie nitaleta." Ndevu zikaota, nyeupe, zikakujaa mpaka hukutaka kutoka. Saulo alileta mashine ya kunyolea ya jirani, ukaitazama kama nyoka. Jumapili moja baada ya nyingine ukakosa kanisa. Wazee wenzako walipokuja kukuombea, ulijifunika taulo kidevuni ukasema ni jino.

Jumapili ya tatu niliporudi ibadani nilikukuta umewasha redio, unafuata wimbo kwa midomo tu. Ndipo nikaja nyuma ya kiti nikasema, "Baba, naomba nijaribu kuutengeneza." Nikarudia. Ukasema, "Wewe ni mke wa mwanangu." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Halafu ukasema maneno ambayo nitayabeba mpaka nizeeke: "Mimi naangalia dirisha. Kinachofanyika nyuma yangu sikioni. Lakini masikio ninayo."

Hivyo ndivyo nilivyosoma shule yako, Baba. Hukugeuka hata siku moja.

Ulianza kwa kunikataza. Nisiguse jiwe kwanza, wembe una mapengo na jiwe lako ni laini, litachukua mwaka. Niombe msasa wa maji kule Saulo anakofanya kazi, ule mlaini sana wanaosugulia rangi, niulaze juu ya kipande cha kioo, maana kioo hakina bonde wala mlima. Sikumwambia Saulo kitu, nilisema tu nahitaji. Jioni nikakuta karatasi sita zimewekwa mezani, zimepangwa kuanzia ile ya kukwaruza mpaka ile ambayo ukiigusa unadhani ni kitambaa. Nilikuona ukisikiliza alipokuwa akizipanga.

Ukaniambia, "Ulaze kabisa. Mgongo uguse, makali yaguse. Ukiinua mgongo umeharibu." Ukaniambia kwenye jiwe makali yatangulie, kama mtu anayejaribu kulichuna ngozi nyembamba. Na nisikandamize. "Wewe unasukuma kama unapiga pasi. Uache uzito wake wenyewe ufanye kazi." Ulijuaje kwamba nimekandamiza? Ulikuwa unaangalia watu wa mtungi wa gesi wakipita! Nilipogeuza wembe kwa upande wa makali ulisikia pia: "Hapana, Mama Rehema. Geuza juu ya mgongo. Siku zote mgongo."

Halafu jiwe. Ulinituma nikalisugue kwanza kwenye sakafu ya saruji pale tunapofulia, na mchanga na maji, mpaka lile bonde la katikati liishe, kwa sababu jiwe lenye tumbo linazaa wembe wenye tumbo. Mama wa chumba cha pili akaniuliza, "Sasa wewe unaosha hata mawe?" Tukacheka naye mpaka akasahau kuuliza tena.

Na mkanda. Huko ndiko nilikokuaibisha. Ulikuwa umeniambia kwenye mkanda mambo yanageuka, mgongo ndio unaotangulia na makali yanafuata nyuma. Mimi nikafanya kama kwenye jiwe. Nikasikia *krrt*, na wewe ukasikia. Nikaona ngozi ya mkanda wako imekatika mdomo mrefu kama kidole. Ukaanza kutikisika mabega. Nilidhani unalia. Kumbe unacheka! Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Sasa umekuwa fundi. Hakuna aliyejifunza bila kukata mkanda wa mtu." Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Saulo akate kidevu chako. Nililishona lile pengo kwa uzi wa viatu, upande wa chini, na upande wa juu tukautumia.

Ukanifundisha pia yale madogo ambayo ndiyo makubwa. Wembe ukaushwe kabla ya kufungwa, kwa kitambaa kikavu, na mpini upulizwe ndani. Miezi ya baridi, ule wa Julai hasa, niupake tone la mafuta. Nikasema ninayo ya cherehani. Ukasema, "Basi Mungu alikuwa ameshapanga." Usinolewe kwenye jiwe kila wiki, jiwe ni la mara chache, mkanda ndio wa kila Jumamosi, kabla ya kunyoa na si baada. Na ukali usipimwe kwa kidole kama kisu cha jikoni. Nyanyua unywele mmoja, uuguse tu. Ukianguka bila kelele, tayari.

Siku unywele ulipoanguka sikuamini. Niling'oa mwingine kichwani kwangu. Ukaanguka. Nikang'oa mwingine. Ukauliza kutoka dirishani, "Utabaki na nywele?"

Kisha ukasema, "Mwite."

Saulo akaja na maji na brashi. Mimi nikatoka nje ya pazia, kwa sababu hapo kazi yangu ilikuwa imefika mwisho. Nilisikia tu. Nilisikia kiti kikigeuzwa. Nilisikia povu. Kisha ile sauti ya wembe unaopita bila kushika mpaka mwisho. Ulikuwa umemwinulia shingo yako mwanao ambaye hukusema naye wiki tano. Halafu nikasikia mkono wako ukijipapasa shavu, na sauti yako: "Sasa huu ndio wembe. Umeona, Saulo? Mkeo ametengeneza ulichoharibu."

Naye akasema, "Nimeona, Baba. Ahsante."

Baba, sifa ile ilikuwa tamu, lakini haikuwa yangu. Niliibeba juu ya mgongo wa mtu mwingine. Usiku nilimwambia Saulo nitasema kesho. Akasema, "Mzee amecheka leo. Ukimwambia, nani atanoa tena? Acha." Nikaacha. Kesho yake ulikuwa mstari wa mbele kanisani, kidevu kinang'aa kama kikombe, ukaomba ile sala. Ukamshukuru Mungu kwa mikono iliyo nyumbani mwako. Nilikuwa safu ya nyuma na kitambaa mdomoni.

Bwana akatupa miezi kumi na moja na wewe baada ya hapo. Naihesabu kama zawadi. Kila Jumamosi mimi na mkanda wangu, wewe na dirisha lako, tukiongea mambo ya watu wanaopita. Wakati ulipofika, Saulo aliingia na ule wembe kule mochari ulikolazwa akakunyoa mara ya mwisho, na aliporudi aliniambia tu, "Haukushika hata mara moja." Nilijua amenishukuru.

Sasa nikuambie yaliyotokea tangu hapo.

Majuma mawili yaliyopita tulikusanyika kwa Zakaria kufanya ibada ya kukukumbuka. Ameweka vyumba viwili zaidi pale Njiru, na miti aliyopanda imeshaanza kufika dirishani, ungefurahi. Tulikula, tukaimba. Kisha wakagawa vitu vyako. Koti la reli kwa Zakaria. Biblia kwa Rehema wetu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akikusomea. Walipofika kwenye kisanduku, Zakaria akasema kwa haki kingekuwa cha kifungua mimba, lakini wewe mwenyewe ulisema kikae kwa mke wa Saulo, aliyeokoa wembe. Na Shangazi Roda, dada yako, unamjua mdomo wake, akadakia: "Na Saulo apewe kijiko. Hicho hata akikimbia nacho hataharibu!" Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Rehema naye, mtoto wangu mwenyewe, akamwelekezea baba yake kidole akasema, "Buda ndiye aliua huo wembe, si ndiyo?" Saulo alikuwa ameshika sahani ya wali. Akacheka pamoja nao. Akasema, "Mimi ni wa haraka bwana, nitafanyaje?"

Alisema yale maneno yako, Baba. Ya siku ile. Kumbe amekuwa akiyabeba wakati wote huu, ameyazoea mpaka anayatolea watu kama utani.

Nilisimama. Nikawaambia yote, Alhamisi, aproni, baiskeli, cheche. Nikawaambia Saulo alikuwa kazini na hakujua lolote mpaka damu ilipotoka. Nikasema, "Wembe wa Baba niliuharibu mimi, na nikanyamaza, na yeye akanibebea."

Shangazi Roda akauliza polepole, "Wewe ulifungua kisanduku cha baba mkwe wako?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Zakaria akasema basi kama ni hivyo kisanduku hakiwezi kukaa kwangu, kirudi kwa kifungua mimba inavyopasa. Hakusema kwa ubaya. Nilijua kabla sijasimama kwamba hiyo ndiyo itakuwa. Nikakiweka mikononi mwake mwenyewe, mkanda, jiwe na wembe. Nitasema uongo nikisema haikuniuma. Ilikuwa kama kutoa kidole.

Lakini nilipogeuka, Rehema alikuwa ameenda kukaa karibu na baba yake, amemwegemea begani. Nikaona hata kama ningetoa vidole viwili, nisingejuta.

Tukirudi nyumbani Saulo aliniambia, "Ungenyamaza tu. Nilikuwa nimeshazoea." Nikamwambia, "Mimi nilikuwa sijazoea."

Leo asubuhi nikiwa kwenye cherehani nikaona mtu mrefu amesimama mlangoni. Zakaria! Amebandika plasta tatu kidevuni. Akasema, "Shemeji, huu wembe umenigeuka." Nikaufungua. Baba, aliufunga na maji! Kadoa ka kutu, karibu na mpini, na makali yamelala kabisa. Nilitaka kumpiga na rula. Badala yake nikamvutia stuli, nikaleta mafuta. Nikamwambia wembe ni wake na utabaki wake, lakini kila Jumamosi aulete niupitishe mkandani, mpaka mkono wake ujue. Akauliza, "Na Saulo atakubali?" Saulo alikuwa nyuma yake amemletea chai.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyokuahidi. Wembe wako hautakosa makali maadamu nina macho na vidole, hata kama haukai tena nyumbani kwangu. Sitanyamaza tena mtu mwingine akibeba langu. Na yale uliyomwambia mwanao siku ile, kwamba ni mtu wa haraka, naomba, ukisikia haya, uyarudishe. Mtu wa haraka hawezi kubeba kitu kizito hivyo, kwa muda mrefu hivyo, bila kukitua.

Nakuaga, Baba. Bwana akutunze huko mbele kwenye safu ya wazee, kidevu safi. Asante kwa dirisha, kwa masikio yako, kwa kila kitu ulichonifundisha bila kugeuka.

Ni mimi, Mama Rehema, mke wa Saulo.

Saulo ambaye hakuharibu kitu.